Makosa Tisa ya Zephania

Ukifika soko kuu la Sumbawanga ukamuulizia Emerensiana, utazunguka mpaka soli ziishe. Muulizie Mama Anjela wa maharage, utaletwa moja kwa moja mpaka kwenye magunia yangu. Na huyo atakayekuleta atakuonya njiani: yule mama usibishane naye hesabu. Ni kweli. Sipendi kupunjwa, sipendi kupunja, na mtu wa kuzungukazunguka na maneno ananipandisha presha. Ndiyo maana wanaume wa timu ya Mbizi walinikabidhi daftari lao.

Mbizi ni timu ya besiboli. Cheka, hukatazwi, walishacheka wengi kabla yako. Ni mpira mdogo, mgumu kama jiwe. Mmoja anarusha, wa upande wa pili anaugonga kwa gongo halafu anatimua mbio kuzunguka vituo vinne, huku wenye uwanja wakiuhangaikia ule mpira. Mume wangu Cornelius, fundi seremala, ndiye aliyetuletea balaa hili. Ujanani alifundishwa na mwalimu mmoja wa Kijapani aliyekuja kujitolea, naye alipoondoka akamwachia glavu mbili na gongo moja. Magongo mengine yote Cornelius kayachonga mwenyewe. Miaka kumi na tisa kafundisha madereva wa bodaboda, makarani na wauza mitumba, na miaka yote hiyo wanacheza wenyewe kwa wenyewe, au na wanachuo wa ualimu, kwa sababu hakuna mwingine wa kucheza naye. Mwaka huu ndipo ikaja barua. Mashindano Mbeya, timu sita, mwishoni mwa mwezi wa saba.

"Mama Anjela," aliniambia siku ile, barua kaishika kwa mikono miwili, "sasa hata nikifa."

"Ufe uniachie mimi hayo magongo niyapeleke wapi?" nikamjibu. Lakini nilifurahi mno, mpaka maharage yakaungua jikoni.

Gari tulilopewa lilikuwa na viti kumi na vinne vya abiria: kocha, mimi mwenye daftari, na wachezaji kumi na wawili. Majina kumi na moja hayakuwa na ubishi. Vita vilikuwa nyuma. Nyuma kabisa ya uwanja husimama watu watatu, kushoto, kati na kulia, kazi yao kudaka mipira mirefu. Kulia yupo Edwin, hana mpinzani. Kati ni pa Timoth, ambaye kikazi yuko Matai na msimu wote hakucheza, lakini sasa alikuwa ameomba likizo na kila mtu anajua hakuna kama yeye. Ikabaki nafasi moja ya kushoto na watu wawili wa kuigombea. Mmoja ni mume wangu, miaka arobaini na sita. Mwingine ni Zephania, miaka ishirini na minne, kijana wa Mtowisa aliyepanda huku juu kwenye baridi kufanya kazi kwenye ghala la mahindi.

Na Zephania si mtu baki. Mwezi wa tatu alileta barua ya posa kwa binti yetu Anjela. Cornelius aliikubali siku hiyohiyo. Mimi nikasema subirini kwanza, na sababu yangu ilikuwa ndani ya daftari.

Mwenye daftari haandiki tu nani kapiga na nani kakimbia. Mpira ukidondoka, mimi ndiye hakimu. Ulikuwa haudakiki, au kuna mtu kazembea? Na kama kazembea, ni nani? Mpira ukianguka katikati ya wawili, sheria yetu, aliyoiweka Cornelius mwenyewe, ni kwamba anayesimama kati ndiye wa kuita. Anapiga kelele "Yangu!" na mwenzake anampisha hata kama ni mkubwa kwake. Asipoita, kosa ni lake. Msimu wote Timoth akiwa Matai, kati alisimama Zephania na kushoto akasimama Cornelius. Na mara tisa mpira ulianguka baina yao, paa, kwenye vumbi, Zephania kasimama anautazama. Mara tisa nikaandika kosa la Zephania. Mume wangu alikuwa na mawili tu.

"Mtu anaachia mpira uanguke mbele ya macho yake," nilimwambia Anjela, "ndiyo atakushika wewe?"

Anjela alininunia wiki nzima. Nikamwacha anune.

Basi Alhamisi ile kabla ya safari, Mwalimu Flavian, kocha wetu, alinifuata sokoni. Akasubiri niwahudumie wateja, akashika harage moja, akaliviringisha vidoleni.

"Mama Anjela, Jumamosi tunacheza na wanachuo mechi ya mwisho. Ikiisha tu, nasoma orodha palepale uwanjani. Nataka unilinganishie hawa wawili kutoka kwenye daftari."

"Mmoja ni mume wangu."

"Najua."

"Na mwingine anataka kuwa mkwe wangu."

"Najua, mama. Ndiyo maana nikichagua mimi watasema nimeogopa mzee au nimependelea kijana. Daftari lako wanaliamini."

Akarudisha harage langu guniani, akaondoka.

Jumamosi asubuhi upepo wa milima ya Mbizi ulikuwa unakata masikio. Nilikaa mlangoni nimejifunga shuka, daftari magotini, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande huu Cornelius, upande ule Zephania. Cornelius mwenyewe alikuwa uani anasugua gongo jipya kwa msasa, anapiga mluzi. Kazi ilikuwa rahisi. Kudaka, karibu wanalingana. Kurusha, kijana ana mkono wa maana kuliko wote. Kukimbia, kijana. Makosa: mawili kwa tisa, na hapo hata mtoto wa chekechea angejua nani abaki nyumbani.

Lakini mimi nikihesabu magunia huwa siridhiki na jumla. Nataka nijue kila gunia limetoka wapi. Nikaanza kuandika na tarehe za yale makosa.

Januari, Zephania hana kosa. Februari, hana. Kosa la kwanza Machi ishirini na mbili. Barua ya posa ililetwa Machi kumi na nane.

Nikasema labda mapenzi yamemlevya. Nikafungua mwezi wa tano. Jumamosi mbili Cornelius hakucheza, alikwenda Kate kutengeneza mabenchi ya kanisa, na kushoto akasimama mtu mwingine. Zephania siku hizo: hakuna kosa. Nikatafuta mipira iliyoanguka baina yake na Edwin wa kulia. Hakuna hata mmoja. Yote tisa ilikuwa upande wa kushoto, na kushoto alikuwepo baba mkwe wake.

Ee Mungu wangu, nikaweka kalamu chini.

Kwetu mkwe humkatizi maneno, humpiti mbele, bega lako haligusani na lake. Kijana huyu akikutana na Cornelius njiani hushuka barabarani, huchuchumaa, hupiga makofi taratibu mpaka aitikiwe, na hata pakiwa na tope hachagui pa kuchuchumaa. Sasa huyohuyo amkimbilie baba mkwe wake kifua mbele na kumpigia kelele "Yangu!" kama anafukuza mbuzi shambani? Hawezi. Alikuwa anafika kwenye mpira, anamwona mzee naye anakuja, anasimama amwachie mkubwa. Na mimi namwandika. Na yeye hasemi kitu.

Sawa, hilo la heshima nimelielewa. Lakini yule mkubwa anayeachiwa, mbona hadaki?

Nikamtazama mume wangu. Nilikuwa nimemwekea kikombe cha chai kwenye kigoda, upande wake wa kushoto. Alinyoosha mkono kukitafuta, akapapasa, kidole kikagonga ukingo, chai ikamwagika. Akafuta haraka na kuangalia kama nimeona. Nikakumbuka mlango aliomtengenezea Bertha jirani yetu, uliokataa kuingia kwenye fremu kwa vidole viwili, akasingizia mbao mbichi. Nikakumbuka tangu Pasaka ananiita nimsomee futi, eti mikono yake ina gundi.

"Baba Anjela," nikasema, "macho yako vipi?"

"Macho yangu?" Akacheka. "Yanakuona unavyonawiri."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Hivi, Mama Anjela, unadhani kule Mbeya uwanja una majani? Majani ya kijani, mpira ukianguka hautimui vumbi?" Akainua gongo akaliangalia dhidi ya jua, akiwa ameligeuzia jicho la kulia. "Miaka kumi na tisa nakula vumbi mimi."

Sikumuuliza tena. Mimi, Emerensiana, nisiyeogopa hata mabwana ushuru. Nikajiambia hakuna uongo nilioandika. Mawili kwa tisa ndivyo ilivyo kwenye daftari. Acha aende Mbeya yake, akanyage majani yake, akirudi tutalizungumza hilo jicho. Nikaukunja ule ukurasa wenye tarehe nikaufungia ndani ya daftari, na nilijua kabisa kwamba nampunja mtoto wa mwenzangu.

Mechi ilianza saa tisa. Nilikaa kwenye kiti changu pembeni, karibu na Mzee Eustaki, mwenyekiti wa timu, mtu wa koti refu na maneno marefu zaidi. Timoth alikuwa bado njiani kutoka Matai, kwa hiyo nyuma walisimama walewale: Cornelius kushoto, Zephania kati, Edwin kulia. Kila mpira uliopigwa juu niliufuata kwa macho nione unaelekea wapi. Miwili ilikwenda kwa Edwin. Mmoja Cornelius aliudaka chini chini, vizuri, watu wakapiga vigelegele. Mwalimu Flavian akatabasamu. Mimi nikaandika bila kumtazama.

Tulifika mwisho tukiongoza sita kwa tano. Wanachuo ndio waliokuwa wanapiga, mmoja wao kashatolewa, wawili wamesimama vituoni wanasubiri kukimbia mpaka nyumbani, yaani kituo cha nne, wajipatie alama. Jua lilikuwa limeshuka, linawapiga watu wa nyuma usoni. Mpigaji wao, jitu moja la miraba minne, akaugonga ule mpira ukaenda juu, juu kabisa, ukielekea pale pale baina ya kushoto na kati.

"Yangu!" aliita Cornelius.

Alikuwa anakimbia, glavu juu, uso umeinuliwa. Lakini uso ulikuwa umetazama pembeni. Mpira uko huku, yeye anautafuta kule. Zephania alikuwa ameshafika chini yake, miguu imetulia, anachotakiwa ni kuinua mkono tu. Akasikia ile "Yangu!" Nikamwona anageuka, anamwona baba mkwe wake, anarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa.

Mpira ulikuwa unashuka kwenye uso wa mume wangu.

Sijui niliinukaje. Kiti kilianguka, daftari likaanguka. "Zephania!" nilipiga ukelele ambao nadhani walisikia mpaka sokoni. "Mpige kikumbo! Mpige kikumbo, nakwambia!"

Kijana akashtuka. Akanitazama mara moja, halafu akaruka. Bega lake likamkumba Cornelius kifuani, mume wangu akaanguka chali na kofia ikaruka huko, na mpira ukatua kwenye glavu ya Zephania, mahali pale pale ulipokuwa uso wa mzee. Kadaka. Ilitakiwa tushangilie.

Lakini Zephania hakuinuka kurusha. Alichuchumaa. Mbele ya mzee aliyelala kwenye vumbi, mpira ukiwa ndani ya glavu, akaanza kupiga makofi ya kuomba radhi, glavu kwa kiganja, pu, pu, pu. "Samahani baba. Samahani sana baba."

"Rusha!" walipiga kelele uwanja mzima. "Rusha wewe!"

Mpira ukishadakwa, waliosimama vituoni wanaruhusiwa kukimbia. Wakakimbia. Wa kwanza akaingia nyumbani. Wa pili akaingia anatembea, anacheka. Saba kwa sita. Na kijana bado anapiga makofi.

Tukakusanyika katikati ya uwanja kama watu wa msibani. Mzee Eustaki alikuja ananyoosha kidole.

"Tangu lini mkwe anamwangusha baba mkwe?" alifoka. "Mbele za watu! Na wewe, Mama Anjela, ndiye unamwamrisha? Mwenzangu, umekula nini leo?"

Cornelius alikuwa anajipangusa vumbi, hamtazami mtu.

"Huyu kijana apeleke kuku wa faini kwa mkwewe kabla jua halijazama," aliendelea Mzee Eustaki. "Na Mbeya asikanyage. Cornelius ndiye aliyeianzisha timu hii. Tutakwendaje bila yeye?"

Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu Flavian alikuna kidevu. "Kudaka kadaka," alisema. "Lakini kaachia watu wawili wapite akiwa na mpira mkononi. Mechi kama hii Mbeya ndiyo unarudi nyumbani. Zephania, una la kusema?"

Zephania alitazama chini. "Sina, Mwalimu."

"Haya. Mama Anjela, soma ulichotulinganishia."

Niliokota daftari, nikapangusa vumbi. Nikaona Cornelius ananitazama, na kwenye uso wake kulikuwa na ombi. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, sijawahi kuona mume wangu akiniomba kitu hivyo.

"Cornelius," nikasoma, "makosa mawili. Zephania, makosa tisa."

"Si mnaona!" alisema Mzee Eustaki. Mwalimu Flavian akatoa kalamu, akaweka karatasi ya orodha juu ya paja lake kuandika jina la kumi na mbili.

Nikamtazama Zephania. Kila mpira kati ya ile tisa aliujua. Kila Jumamosi nilipotangaza "kosa la kati" aliitikia "sawa, mama." Nimemnyima uchumba, nimemsema sokoni, mwanangu nimemkoseshea amani, na yeye akaitikia tu, sawa, mama. Nilijiona mdogo. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto.

"Ngoja," nikasema. "Sijamaliza kusoma."

Nikaukunjua ule ukurasa. Nikasoma tarehe moja baada ya nyingine. Januari hakuna. Februari hakuna. Machi kumi na nane, barua ya posa. Machi ishirini na mbili, kosa la kwanza. Nikasoma Jumamosi mbili za Kate. Nikasoma upande ulikoanguka kila mpira: kushoto, kushoto, kushoto. Nilipomaliza, hata Mzee Eustaki alikuwa ameshika mdomo, kwa sababu yeye ni mtu wa hukuhuku na hakuhitaji kuelezwa mkwe ni nini.

"Mama Anjela," Cornelius alisema polepole, "unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unanivua nguo mbele za watu."

"Afadhali nikuvue mimi, kuliko mpira ukutoboe jicho lililobaki!" Nilikuwa nalia sasa, na nikilia mimi ndiyo sauti inapanda. "Funga jicho la kulia, Baba Anjela. Lifunge hapa, watu wote waone. Niambie nimeinua vidole vingapi."

Akanisogelea hatua moja. Nilidhani atanizaba kofi, ingawa hajawahi. Kisha akaweka kiganja juu ya jicho la kulia. Upepo ulikuwa unavuma, hakuna aliyekohoa.

"Vitatu," akasema.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika daftari.

Alijua kakosea kabla hajaambiwa, kutokana na ule ukimya. Akashusha mkono. "Nilijua," alisema, lakini hakuwa anazungumzia jicho. Alikuwa anamtazama Zephania. "Tangu mpira wa pili nilijua. Nilikuwa nasikia miguu yake inasimama. Nikajua ananiachia, na mimi siuoni, na ukianguka ataandikwa yeye. Nikanyamaza ili niende Mbeya."

Hapo ndipo nilipoumia. La jicho ningemsamehe palepale, jicho si kosa la mtu. "Miezi minne!" nilimwambia. "Miezi minne unanisikiliza nikimtukana mtoto wa watu mezani kwako, na wewe unamega ugali!"

Alimgeukia kocha. "Mwalimu, andika Zephania." Akaokota kofia yake, akaenda zake peke yake kwa njia ya nyuma ya uwanja, akijikwaa kwenye matuta ya mahindi yaliyokwisha vunwa.

Jumapili hatukusemeshana. Nilimpikia ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, akala vizuri, akanawa, akarudi kwenye magongo yake. Na mimi nikanyamaza, na nyinyi mnajua kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Alimaliza gongo la mwisho jioni, akayafunga yote kwa kamba, akayaweka mlangoni. Hakusema atayabeba nani.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi. Niliyabeba mwenyewe. Timoth alikuwepo, Edwin alikuwepo, na Zephania naye alikuwepo, kabana jogoo kwapani, anaangaza macho huku na huku kumtafuta wa kumlipa. Mzee Eustaki alikuja kutuaga. Dereva akapiga honi mara ya kwanza. Cornelius hayupo.

"Atakuja kweli, mama?" Zephania aliniuliza.

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua. Nilikuwa na hasira naye bado, na nilikuwa nataka aje kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Honi ya pili ilipopigwa akatokea upande wa sokoni, kavaa suti yake ya kanisani. Mkononi alikuwa na kuku jike, yule wangu mweupe anayetaga kila siku. Zephania akamkimbilia, akachuchumaa, akamnyooshea jogoo kwa mikono miwili.

"Pokea faini yangu, baba. Nilikuangusha."

Cornelius hakumpokea jogoo. "Faini hulipwa na aliyekosa," alisema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Makosa yalikuwa tisa. Kuku tisa sina, mwanangu. Nimeanza na huyu."

Halafu mume wangu, na suti yake, akachuchumaa kwenye lami chafu ya stendi, akamweka kuku chini mbele ya kijana, akapiga makofi. Baba mkwe kumpigia makofi mkwe! Mzee Eustaki alivua kofia. Zephania alichanganyikiwa kabisa, akapiga magoti, naye akaanza kupiga makofi, wakabaki hivyo wote wawili, hakuna anayethubutu kuinuka kabla ya mwenzake, jogoo na kuku wanazungukana katikati yao.

"Inukeni basi!" nikafoka, machozi yananitiririka. "Mbeya haitatungoja!"

Jogoo alibaki na Mzee Eustaki, na Cornelius akabaki pia. Kuku aliondoka na sisi, chini ya kiti cha Zephania, anapiga kelele kila tukipita kwenye tuta. Mpaka tunaiacha Sumbawanga nilikuwa nimekwisha fungua daftari. Nilifuta Z ya Zephania kwenye kosa la kwanza nikaandika C ya Cornelius, nikafuta ya pili, kalamu inaruka kwa mtikisiko wa gari. Sikuruka hata moja.

Tulipokuwa tunakaribia Laela simu ikalia.

"Umeyaandika makosa yangu?" Cornelius aliuliza. Nyuma yake nilisikia upepo mtupu, nikajua yuko uwanjani.

"Yote tisa. Na mawili ya zamani. Kumi na moja."

"Sawa." Nilisikia anavuta pumzi kwa shida, na nikajua analia, na sikumwambia kwamba nimejua. "Mwambie kijana, ukija mpira mrefu aite kwa nguvu. Asimwogope mtu."

"Nitamwambia. Na wewe nikirudi tunakwenda hospitali ya macho. Ukikataa nitakubeba mgongoni, na unajua naweza."

"Najua," alisema. "Mama Anjela, mkifika, niambie kama kuna majani."